Tangi jipya, bomba kavu: fedha za serikali zinavyopotea kwenye hifadhi ya maji

Serikali inapotangaza fedha za kuhifadhi maji ya umma, namba inayosikika ni ujazo. Tangi la lita milioni moja. Bwawa la mita za ujazo milioni kumi. Ujazo ndio huandikwa kwenye kibao cha mradi, ndio mkaguzi huuhakiki, na ndio msingi wa malipo ya mkandarasi. Mwananchi anayefungua bomba saa 11 alfajiri anataka maji yatoke, yawe salama, yawe na msukumo, hata siku ile chanzo kimezidiwa. Kati ya ujazo wa kwenye mchoro na maji hayo kuna pengo, na fedha nyingi za umma hutumbukia humo kwa sababu ya namna zinavyotengwa na kulipwa.

Tuanze na hesabu, maana miradi mingi hukosewa hapo kabla hata kiwanja hakijapatikana.

Chukua mji wa watu 20,000, kila mmoja akitumia lita 60 kwa siku. Mahitaji ni mita za ujazo 1,200. Mabomba yakivujisha asilimia 25 ya maji yanayoingizwa, uzalishaji lazima ufike 1,600. Matumizi hayawi sawa saa zote. Tuseme asilimia 30 ya maji huondoka kati ya saa 11 alfajiri na saa 2 asubuhi, asilimia 40 kuanzia hapo hadi saa 12 jioni, asilimia 25 kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku, na asilimia 5 usiku kucha. Kama pampu zinafanya kazi mchana tu, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, kwa kuwa zinatumia umeme wa jua au umeme wa gridi hauaminiki, basi maji yote ya jioni, ya usiku na ya alfajiri yanatakiwa yawemo ndani ya tangi wakati pampu zinazimwa. Hiyo ni asilimia 60 ya 1,600, yaani mita za ujazo 960.

Sasa weka pampu ndogo zaidi inayofanya kazi saa 20, ikisukuma mita za ujazo 80 kwa saa kuanzia saa 10 alfajiri hadi saa 6 usiku. Ukiandika saa kwa saa kinachoingia na kinachotoka, tofauti kati ya usawa wa juu kabisa na wa chini kabisa inakuwa mita za ujazo 240. Mji ni uleule, watu ni walewale, na tangi linalohitajika kwa kazi ya kila siku limekuwa robo ya lile la kwanza.

Maana yake ni kwamba zile mita za ujazo 720 za ziada ni gharama ya umeme usioaminika, iliyobadilishwa ikawa zege. Huenda ndiyo njia nafuu kuliko zote. Mahali ambapo jua lipo na gridi iko mbali, tangi kubwa ni uamuzi mzuri. Ila mtu wa hazina anayepitisha fedha anapaswa kuona njia zote mbili zimewekwa bega kwa bega: tangi kubwa, au laini ya umeme ya kuaminika pamoja na jenereta ya akiba. Mara nyingi haoni, kwa sababu fungu lililofunguliwa linaitwa fungu la hifadhi, na ombi lisilo na tangi halipiti.

Vivyo hivyo kwa uvujaji. Katika mji huohuo, uvujaji ukishushwa kutoka asilimia 25 hadi 12.5, uzalishaji unaotakiwa unashuka kutoka 1,600 hadi takriban 1,371. Hizo ni mita za ujazo karibu 230 zinazopatikana kila siku bila kuchimba kisima. Tangi halizalishi maji hata tone. Linahamisha maji ya saa hii kwenda saa nyingine. Mji ambao chanzo chake hakitoshi hata kikisukumwa saa zote 24 hautasaidiwa na tangi lolote, na hilo linaonekana haraka: tangi halijai hata usiku. Usomaji wa usawa wa maji wa wiki mbili unatosha kulithibitisha, na ungepaswa kuwa kiambatisho cha lazima kwenye kila ombi la fedha.

Juu ya ujazo wa kila siku huongezwa akiba ya dharura. Hapa swali ni saa ngapi zitapita tangu pampu iharibike hadi maji yarudi. Kama pampu ya akiba ipo stoo na fundi yupo, saa 12 zinatosha. Kama pampu inaagizwa kutoka mbali baada ya kuharibika, ni wiki kadhaa, na hakuna tangi la kuziba wiki kadhaa. Pampu moja ya akiba iliyokaa kwenye rafu ina thamani kubwa kuliko nusu ya tangi, lakini haina kibao wala uzinduzi.

Na tangi kubwa kupita kiasi lina ubaya wake. Maji yakikaa, klorini, yaani dawa ya kuua vijidudu, huisha. Lengo la kawaida ni klorini huru isiyopungua miligramu 0.5 kwa lita baada ya maji kukaa na dawa dakika 30, na isipungue 0.2 yanapofika bombani kwa mtumiaji. Maji yote ya tangi yanatakiwa yawe yamebadilika ndani ya siku tatu hadi tano. Tangi lililojengwa kwa ajili ya idadi ya watu itakayofikiwa miaka 20 baadaye, likatumika leo na robo ya watu hao, hugeuka mahali pa kuulia dawa. Dawa yake ni matangi mawili badala ya moja, au moja lenye ukuta katikati, ili nusu itumike sasa na nusu isubiri. Ukuta huo utahitajika kwa vyovyote: bila vyumba viwili huwezi kusafisha tangi bila kuukatia mji mzima maji, na jambo lisilowezekana bila kukata maji haliwi.

Twende kwenye mabomba. Hapa ndipo ninapoona hasara iliyo kubwa na rahisi kuzuilika.

Katika mji wetu wa mfano, saa ya kilele, ile yenye matumizi makubwa kuliko zote, inavuta mita za ujazo 160, yaani lita 44 kwa sekunde. Tuseme tangi limeinuliwa juu ya mnara, maji yakiwa mita 18 juu ya mitaa inayohudumiwa. Mita 10 za kimo ni takriban bar moja, kipimo cha msukumo, kwa hiyo kuna bar 1.8 mkononi. Bomba la plastiki lenye kipenyo cha ndani cha milimita 150, likipitisha lita 44 kwa sekunde, hupoteza kimo cha mita 36 hivi kwa kila kilomita kwa msuguano peke yake. Una mita 18, kilomita ya kwanza inataka 36. Maji ya kiasi hicho hayafiki. Wa karibu na mnara watapata, wa mwisho watasikia hewa. Bomba hilohilo likiwa la milimita 250 hupoteza mita 3 tu kwa kilomita, na mtaa wa mwisho unabaki na zaidi ya bar moja.

Tangi limejengwa vizuri, halivuji, limejaa, na wananchi hawana maji. Kilichotokea ni kwamba tangi lilikuwa kwenye fungu la hifadhi na bomba la kutolea maji lilikuwa kwenye fungu la usambazaji, ambalo fedha zake hazikutoka au zilitoka mwaka uliofuata zikiwa pungufu. Mhandisi akaambiwa aunganishe kwenye bomba la zamani. Kila fungu la fedha za hifadhi lingepaswa kufafanua hifadhi kuanzia bomba linaloingia hadi makutano ya kwanza ya mtandao yenye uwezo wa kubeba saa ya kilele, na kulipa vyote hivyo kama kitu kimoja. Anayeogopa kwamba hilo litapunguza idadi ya matangi yanayojengwa yuko sahihi. Yatapungua, na yatakayojengwa yatatoa maji.

Mzunguko wa bajeti unaleta balaa jingine. Fedha za maendeleo zikitoka miezi mitatu kabla ya mwaka wa fedha kufungwa, na zisipotumika zirudi hazina, kila mtu anakimbizana na tarehe. Zege linalotakiwa kumwagiliwa siku saba kwa uchache kabla ya kuachwa likauke linapata siku mbili. Ukuta unapigwa plasta na kufukiwa udongo kabla haujajaribiwa. Na jaribio ndilo lenye kusema ukweli.

Lenyewe si gumu. Jaza tangi taratibu, acha maji yakae siku saba ili zege linywe linachonywa, kisha weka alama ya usawa na upime kwa siku saba nyingine. Kigezo cha Uingereza cha BS 8007, ambacho wahandisi wengi walikitumia kwa miaka mingi, kiliruhusu usawa ushuke kwa kiasi kisichozidi sehemu moja ya 500 ya kina cha wastani, au milimita 10, kile kilicho kidogo. Kwa tangi la mita 4 za kina hiyo ni milimita 8. Tangi letu la mita za ujazo 960 lenye kina hicho lina sakafu ya mita za mraba 240, kwa hiyo kinachovumilika kwa wiki nzima ni chini kidogo ya mita za ujazo 2. Kama tangi halijaezekwa, weka beseni lenye maji lielee juu ya maji ya tangi na utoe kiasi kilichopungua humo, maana huo ni mvuke. Kuta zote ziwe wazi wakati huo, mtu azizunguke kila siku akitafuta doa la unyevu kwenye maungio ya zege la jana na la leo. Udongo urudishwe baada ya kufaulu. Mkataba unaolipa asilimia 95 kabla ya jaribio hili umekwisha kutoa fimbo yake.

Baada ya hapo tangi huoshwa na kutiwa dawa. Njia mojawapo ni kulijaza maji yenye klorini ya miligramu 10 kwa lita na kuyaacha saa 24. Kwa mita za ujazo 960 hiyo ni kilo 9.6 za klorini, sawa na karibu kilo 15 za unga wenye nguvu ya asilimia 65. Maji hayo hayamwagwi mtoni kabla dawa haijauliwa, kwa sababu yanaua samaki.

Vitu vinavyolinda maji yakiwa ndani ni vidogo na vya bei ndogo, na ndiyo sababu hukatwa kwanza bei ya zabuni inapobanwa. Mfuniko wa kuingilia wenye kingo zilizoinuka angalau sentimita 10 juu ya paa, unaofunga kwa kufuli. Bomba la kupumulia lililopinda kuelekea chini, lenye wavu wa kuzuia wadudu. Bomba la kufurikia lenye kipenyo kisichopungua cha bomba la kuingizia, nalo lina wavu, na mwisho wake unaonekana kwa macho. Likiishia ndani ya mtaro uliofunikwa, tangi litafurika kila usiku na hakuna atakayejua. Bomba la kutolea tope kwenye sehemu ya chini kabisa, sakafu ikiwa na mteremko kulielekea. Bomba la kutolea maji limeinuka sentimita 15 kutoka sakafuni, upande ulio mkabala na bomba la kuingizia, la sivyo maji mapya huingia na kutoka bila kugusa ya zamani. Dira mbili za kupimia maji, moja ya kuingiza na moja ya kutoa, kwani bila hizo hakuna atakayejua tangi linavuja.

Mji mdogo wa Alamosa, jimbo la Colorado nchini Marekani, ulionyesha mwaka 2008 bei ya kupuuza vitu hivi. Maji ya visima yasiyotiwa klorini yalipitia kwenye tangi lenye nyufa na matundu, na wachunguzi walihitimisha kwamba huenda kinyesi cha ndege au wanyama kiliingia humo. Bakteria wa salmonela wakasambaa kwenye mabomba ya mji mzima. Makadirio yalifika wagonjwa 1,300 katika mji wa watu wasiofika 10,000, na mtu mmoja alifariki. Kuziba nyufa na kusafisha tangi ni kazi ya siku chache, tena ni matumizi ya kawaida, fungu ambalo kila bajeti inapobanwa huguswa la kwanza.

Mabwawa yana hesabu yao. Sehemu ya maji ya chini kabisa haitoki: iko chini ya mlango wa kutolea, au imejaa tope na mwani kiasi kwamba mtambo wa kusafisha hauiwezi. Cape Town ilipokaribia kukaukiwa mwaka 2018, ikiwa imewawekea watu ukomo wa lita 50 kwa siku kuanzia tarehe 1 Februari, siku ya kufunga mabomba ilipangwa kuwa pale mabwawa yatakapofika asilimia 13.5, kwa sababu kiasi cha asilimia 10 za mwisho kilihesabiwa kuwa kigumu kuvutwa. Zaidi ya nusu ya ujazo wote wa mabwawa makubwa ya mfumo ule uko kwenye bwawa moja, Theewaterskloof. Serikali inayonunua ujazo inapaswa kuuliza kwanza: kiasi gani kati ya huo kiko juu ya mlango wa kutolea?

Kisha jua. Mahali ambapo mvuke hula mita 2 za kina kwa mwaka, lambo la hekta 10 hupoteza mita za ujazo 200,000. Kama kina chake ni mita 3, theluthi mbili za maji zimekwenda angani. Ujazo huohuo ukiwekwa kwenye bonde jembamba lenye kina cha mita 12 na eneo la hekta 2.5, mvuke unachukua 50,000. Malambo mapana yenye kina kifupi yanajengeka haraka kwa greda na kuonekana makubwa kwenye picha za angani, na ndiyo yanayokauka katikati ya kiangazi.

Kisha tope. Bwawa la Tarbela nchini Pakistan, lililokamilika katika miaka ya 1970, limekwisha kupoteza zaidi ya theluthi ya ujazo wake kwa mchanga wa mto Indus. Tope huanza kujaa siku ya kwanza, na gharama ya kulizuia iko mlimani: kupanda miti na nyasi kwenye miteremko, matuta, vizuizi vya makorongo. Kazi hizo hazimo kwenye mkataba wa bwawa kwa sababu ardhi hiyo iko chini ya idara nyingine. Milango ya chini ya kusukumia tope isipowekwa wakati wa ujenzi, kuiongeza baadaye kunagharimu fedha nyingi mno, na kuchimba tope kwa mashine mara nyingi kunazidi bei ya kuongeza kimo cha ukuta.

Nani alipe? Majimbo mawili ya Marekani yamelijibu swali hili kwa njia tofauti, na majibu yote mawili yanafaa kutazamwa.

California, kwa sheria iliyopigiwa kura Novemba 2014, ilitenga dola bilioni 2.7 kwa hifadhi ya maji. Sharti lake kuu ni kwamba fedha za jimbo zinalipia manufaa ya umma peke yake: mazingira, ubora wa maji, kuzuia mafuriko, dharura na burudani. Angalau nusu ya manufaa hayo yanayolipiwa lazima yawe ya mazingira, na kwa miradi ya mabwawa mchango wa jimbo hauzidi nusu ya gharama. Maji yanayouzwa kwa wateja, wateja wenyewe wanayalipia. Miradi minane ilipangiwa fedha mwaka 2018, lakini kuzipata kulihitaji vibali, upembuzi uliokamilika na ahadi za wabia za angalau asilimia 75 ya sehemu isiyo ya umma. Wakosoaji husema mfumo huo ni wa polepole, na kweli ni wa polepole. Upanuzi wa bwawa la Los Vaqueros uliachwa mwishoni mwa 2024, gharama zikiwa zimepanda. Kwangu huo ni ushahidi kwamba masharti yalifanya kazi. Upanuzi ambao wanunuzi wa maji hawako tayari kuulipia ulisimama kwenye karatasi, kabla haujasimama bondeni.

Texas ilikwenda njia nyingine. Mwaka 2013 wapiga kura waliidhinisha dola bilioni 2 kutoka mfuko wa akiba wa jimbo ziwe mtaji wa mfuko uitwao SWIFT, unaopunguza riba na kurefusha muda wa mikopo ya miradi ya maji. Fedha hizo hazigawiwi bure. Zinarudi na kukopeshwa tena, na sheria inataka angalau asilimia 20 ilengwe kwenye kubana matumizi na kutumia maji tena, na asilimia 10 vijijini. Mkopo una faida moja ambayo ruzuku haina: anayekopa hupiga hesabu ya miaka 20 kabla hajaamua ukubwa wa tangi.

Kwa mamlaka ndogo ambayo ankara zake hazilipi hata umeme, mkopo ni mzigo usiobebeka, na ruzuku haikwepeki. Basi ruzuku ilipwe kwa hatua zinazopimika. Napendekeza sehemu ya kwanza itoke baada ya hati ya kiwanja, njia ya bomba na usomaji wa chanzo kupatikana. Sehemu kubwa ilipwe kwa kazi iliyopimwa. Asilimia 15 izuiwe hadi jaribio la uvujaji na vipimo vya maji vifaulu. Na asilimia 5 ya mwisho itolewe baada ya kiangazi kimoja kizima, dira za kuingiza na kutoa zikiwa zimesomwa kila siku. Fedha hizo zilizozuiwa zitengwe kwenye akaunti inayovuka mwaka wa fedha, vinginevyo sharti zima linavunjwa na kalenda.

Na kabla saini haijawekwa, andiko la mradi lionyeshe bili ya siku moja ya kawaida. Kuinua mita za ujazo 1,600 hadi kimo cha mita 60, kwa ufanisi wa pampu na mota wa asilimia 60, kunahitaji takriban uniti 436 za umeme. Dawa ya miligramu 2 kwa lita ni kilo 3.2 za klorini, karibu kilo 5 za unga wa asilimia 65. Waendesha pampu ni wawili kwa zamu. Kando ya kila mstari liandikwe jina la fungu litakalolipa, na mwaka wa kwanza ambao fungu hilo litakuwa na fedha. Mstari wowote ulioachwa wazi unatosha kulirudisha andiko kwa aliyeliandika.